Nani Analipia Majitaka ya Mji?

Masika yanapopamba moto Dar es Salaam, katika mitaa ya mabondeni kuna watu hutoka usiku kufungua vyoo vyao. Mmoja huchomoa tofali kwenye ukuta wa shimo, mwingine huchimba mfereji, na yaliyojaa mwaka mzima huondoka na maji ya mvua kwenda kwa jirani wa chini, kisha mtoni, kisha baharini. Kazi hiyo inaitwa kutapisha choo, na aliyekulia katika mitaa hiyo anaijua. Asubuhi afisa afya hukuta harufu tu, na hapati wa kumtaja aliyefanya. Kwa miaka mingi tumelizungumza jambo hili kama suala la tabia, linalohitaji elimu, faini na kampeni. Mimi nadhani kwanza ni suala la malipo: nani anadaiwa, anadaiwa kiasi gani, na deni linamjia kwa mpangilio upi.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Mtandao wa mabomba ya majitaka unawafikia wachache kati yao. Mabomba ya zamani yako katikati ya jiji, na majitaka yake kwa miongo mingi yamekuwa yakipelekwa baharini. Maeneo mengine machache, kama Ubungo, Mikocheni, Chuo Kikuu, Buguruni na Vingunguti, yana mabomba yanayoishia kwenye mabwawa ya kutibu majitaka. Miaka ya karibuni umejengwa mtandao mpya Mbezi Beach kwa fedha zilizotoka Benki ya Dunia. Waliobaki, na ndio wengi mno, wanategemea kilichochimbwa ndani ya kiwanja chao wenyewe: shimo la choo au karo.

Hapo ndipo hesabu inapopinda. Aliyeunganishwa kwenye mtandao hulipa ankara ya mwezi, inayokokotolewa kutokana na maji safi aliyotumia. Bei hiyo husimamiwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na inatakiwa itoshe kuendesha huduma. Hailengi kurudisha gharama yote ya kulaza mabomba, kununua pampu na kuchimba mabwawa. Gharama hiyo hubebwa na Serikali, kwa kodi na kwa mikopo ambayo nchi nzima itailipa. Mwenye karo analipia kila hatua peke yake: kuchimba, kujenga, kunyonya, kukarabati, na kuchimba tena shimo la kwanza likikataa. Hakuna mahali anapopunguziwa. Wakati huohuo anachangia mtandao asioutumia. Mkazi wa Gongo la Mboto akipanda daladala, nauli yake inasaidia kununua mafuta yenye tozo ya shilingi 50 kwa lita, iliyowekwa mwaka wa fedha 2015/16 kwa ajili ya Mfuko wa Maji. Anayeishi mbali na bomba anamlipia anayeishi juu ya bomba. Sijaona namna ya kuuita huo ugawaji wa haki.

Ingekuwa karo ni mali ya mtu binafsi kama kabati au sofa, tungesema kila mtu ajitegemee. Lakini faida ya karo zuri haiishii ndani ya uzio, na madhara ya karo bovu hayaishii humo pia. Kipindupindu kilicholipuka Agosti 2015 kilianzia Dar es Salaam kabla ya kuenea mikoani. Wataalamu wa maji hushauri kisima kiwe umbali wa mita 30 hivi kutoka shimo la choo, na viwanja vya jiji hili, pale vilipopimwa, mara nyingi ni mita 20 kwa 20. Kwa hiyo kisima changu kinaweza kuwa karibu na choo cha jirani yangu kuliko kilivyo karibu na changu. Nikitaka maji salama, choo kinachonihusu zaidi ni kile nisichokuwa na mamlaka nacho, na huenda mwenye nacho hana fedha ya kukitengeneza.

Ili kuona fedha zinakwenda wapi, inafaa kujua karo linavyofanya kazi. Karo halisi ni tangi lisilovuja, lenye vyumba viwili au vitatu. Majitaka huingia chumba cha kwanza na kutulia: kizito huzama na kuwa tope, mafuta huelea, na bakteria hula sehemu ya tope hilo polepole. Maji ya katikati, yenye uchafu mdogo zaidi, hupita kwenye bomba lenye umbo la T kwenda chumba kinachofuata, kisha kwenye shimo la kufyonzea ambako udongo humalizia kazi ya kuyachuja. Tope likifika kama theluthi moja ya kina cha tangi linapaswa kunyonywa, na kwa familia ya kawaida hilo hutokea kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Hayo ndiyo yaliyo kwenye ramani. Uwanjani, sehemu kubwa ya yanayoitwa makaro ni mashimo yenye kuta za tofali na sakafu ya mchanga mtupu. Fundi aliacha kuweka zege chini kwa sababu mwenye nyumba aliishiwa fedha, au kwa sababu wote wawili waliamini kwamba shimo linalovuja ni zuri maana halijai haraka.

Halijai haraka mpaka siku linapojaa kila wiki. Msasani, Hananasifu, Jangwani na kwingineko ambako maji ya ardhini yako juu, shimo lisilo na sakafu hupokea maji kutoka chini wakati wa mvua. Gari huja, hunyonya lita elfu kadhaa, na baada ya siku chache shimo limerudi palepale. Mwenye nyumba amelipa fedha za kunyonya vyoo kuvuta maji ya ardhi. Visiwani na kwenye pwani yenye jiwe la matumbawe hali ni nyingine. Mwamba una nyufa, majitaka hupotea humo bila kuchujwa, na choo kinaonekana kizima kabisa huku kisima kikiharibika.

Ndiyo maana matengenezo yasipangwe kwa kubahatisha. Kasoro nyingi za karo ni za fedha ndogo: T iliyovunjika, mfuniko uliopasuka unaoingiza maji ya mvua, chemba iliyozibwa na mafuta ya jikoni, mzizi wa mti ndani ya bomba la inchi nne. Fundi mwaminifu huzimaliza kwa siku moja. Ngazi ya pili ni kutenganisha maji ya kuogea na kufulia na maji ya chooni, ili karo lisibebe kisichohitaji kukaa humo. Gharama yake ni mabomba na shimo dogo, na mara nyingi huongeza uhai wa karo kwa miaka. Ngazi ya tatu ndiyo inayovunja mgongo: shimo la kufyonzea lililoziba kwa sababu tope halikunyonywa kwa wakati likavuka chumba hadi chumba. Udongo ukishaziba kwa mafuta na tope hauzibuki kwa kumwagiwa dawa ya dukani. Ni kuchimba upya, na kama nyumba imeongezwa vyumba mpaka kwenye uzio, hakuna pa kuchimbia. Nimewaona watu wengi wakiruka moja kwa moja hadi ngazi ya tatu kwa sababu aliyeitwa kukagua ndiye huyohuyo anayetafuta kazi ya kuchimba. Mkaguzi asiyeuza kitu, hata akiwa afisa afya wa kata mwenye ufito wa kupimia tope, angeokoa fedha nyingi za watu wa kipato cha chini.

Kunyonya kwenyewe kuna bei yake na mantiki yake. Anayeita gari analipia mafuta, saa za foleni, ukubwa wa tangi, na ada ya kumwaga kwenye mabwawa. Gari linalotoka Kimara au Mbagala kwenda Vingunguti linaweza kutumia muda mrefu barabarani kuliko kwenye nyumba ya mteja. Na gari lazima lifike. Katika mitaa isiyopimwa, ambako wakazi wengi wa jiji wanaishi, njia ni ya upana wa pikipiki, na bomba la kunyonyea lina urefu wake. Walio ndani kabisa, ambao kwa kawaida ndio wenye kipato kidogo zaidi, huambiwa gari haliingii. Wanabaki na kutapisha, au na vijana wanaoitwa vyura, wanaoshuka shimoni kwa ndoo, mara nyingi bila viatu wala glovu, kwa malipo yasiyolingana kabisa na hatari ya kazi hiyo.

Jiji hili lilitafuta jibu mapema kuliko mengi ya Afrika. Kati ya mwaka 1988 na 1992 shirika la Uholanzi liitwalo WASTE lilibuni na kujaribu hapa mtambo ulioitwa MAPET: pampu ya mkono na tangi la lita 200 juu ya mkokoteni, ulioweza kupita vichochoroni. Ulifanya kazi. Ulikwama kwenye vipuri na usimamizi, mambo ambayo hakuna bajeti iliyoyabeba baada ya mradi kwisha. Baadaye ikaja pampu nyingine ya mkono, Gulper, ikatumiwa na wajasiriamali wadogo wakiwa na pikipiki za magurudumu matatu, yaani guta. Nayo imesaidia, lakini safari moja ya guta hubeba kidogo, na mabwawa yako mbali. Mashine zimekuwepo kwa zaidi ya miaka thelathini. Kilichokosekana ni mtu wa kulipia tofauti kati ya gharama ya kufika uchochoroni na kile ambacho familia ya uchochoroni inaweza kutoa.

Hata pale familia inapoweza, malipo huijia kwa sura mbaya. Tuchukue namba za kubuni, kwa ajili ya hesabu tu. Tuseme nyumba ya vyumba sita hunyonya mara mbili kwa mwaka kwa shilingi 150,000 kila mara. Hiyo ni shilingi 300,000 kwa mwaka, sawa na 25,000 kwa mwezi. Tuseme bomba la majitaka limepita barabarani na kuunganishwa kunagharimu shilingi 600,000. Zikigawanywa kwa miezi 36 ni kama shilingi 16,700 kwa mwezi, kabla ya ada ya matumizi. Kwa vyumba sita, kila chumba hakifiki shilingi 2,800. Nyumba hiyo inamudu kuunganishwa. Isichomudu ni kutoa 600,000 Jumatatu asubuhi. Watu wanaotegemea kipato cha siku wana upatu, wana vikoba, wana SACCOS, na wote wanajua kulipa kidogokidogo kwa uaminifu. Lakini fomu ya maombi ya kuunganishwa mara nyingi inataka fedha yote kabla ya kazi kuanza, kisha tunashangaa kwa nini bomba limepita mbele ya nyumba mia na zimeunganishwa chache.

Kuna pingamizi la kweli hapa: nani hasa analipa, mwenye nyumba au mpangaji? Katika nyumba nyingi za Uswahilini mwenye nyumba hupokea kodi ya miezi sita au mwaka mapema, naye anaweza kuwa anaishi mkoa mwingine. Choo kikijaa, wapangaji huchangishana kwa vyumba. Wanalipa kutunza mali isiyo yao, na hawana sababu ya kuchangia karo jipya litakalopandisha kodi yao mwaka ujao. Mwenye nyumba naye haisikii harufu wanayoilipia wapangaji. Mkopo wa kuunganishwa ukiandikwa kwa jina la mpangaji utakufa siku anapohama. Ukiandikwa kwenye nyumba, na kulipwa pamoja na ankara ya maji ya nyumba hiyo, unabaki palepale hata wakaaji wakibadilika.

Nairobi imelijaribu hili. Katika mtaa wa Kayole Soweto wenye nyumba waliunganishiwa maji na majitaka kwa mkopo wa kulipwa kidogokidogo, na wengi wakachelewa kulipa. Watafiti waliofuatilia waliona kwamba onyo la kukatiwa huduma, likitekelezwa kweli, liliongeza malipo kwa kiasi kikubwa, bila kuonekana kuwaumiza wapangaji wala kuzua ghadhabu ya kisiasa iliyokuwa ikihofiwa. Silipendi onyo la kukata maji kwenye nyumba yenye watoto, na ningependa litumike mwishoni kabisa. Lakini ushahidi huo unaondoa kisingizio cha kwamba wenye nyumba katika mitaa ya watu wenye kipato cha chini hawalipi kwa sababu hawana. Wengine wanacho, na wanalipa wanapojua aliye upande wa pili hatanii.

Mtandao wenyewe pia unaweza kujengwa kwa bei nyingine. Bomba la kawaida la majitaka huzikwa kwa kina, katikati ya barabara, likiwa na chemba kubwa za zege. Kuchimba barabara kunahitaji kibali, kwa barabara za mitaa kutoka TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, na lami iliyokatwa lazima irudishwe. Mfumo uliorahisishwa, uliokomaa Brazil tangu miaka ya 1980, hupitisha mabomba membamba kwa kina kifupi, nyuma ya nyumba na kwenye vichochoro ambako hakuna lori litakalopita juu yake. Mwanza umetumika kwenye vilima vyenye mawe makubwa, ambako hakuna gari la kunyonya litakalopanda na hakuna shimo litakalochimbika. Vingunguti, shirika la CCI na shirikisho la wakazi wa mijini wenye kipato cha chini waliwasaidia wakazi kulaza mabomba hayo hadi kwenye mabwawa yaliyo jirani nao, na kaya zikakopa sehemu ya gharama kwenye mfuko wao wa pamoja. Watu wa Vingunguti walikuwa wameishi kwa miaka mingi wakinusa majitaka ya jiji zima yanayoletwa kwa malori kwenye mabwawa yale, huku vyoo vyao wenyewe havikuunganishwa nayo.

Mgawanyo wa malipo ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu ni wa Orangi, Karachi, ulioanza mwaka 1980 chini ya Akhtar Hameed Khan. Waligawa gharama mafungu mawili. Choo cha ndani, bomba la kichochoro na bomba la kukusanya la mtaa ni vya wakazi, na kila kichochoro, chenye nyumba ishirini hadi arobaini, huchagua msimamizi wake, huchanga na kujenga. Bomba kuu na mtambo wa kutibu ni vya serikali. Makumi ya maelfu ya nyumba yaliunganishwa hivyo, kwa sehemu ndogo ya bei ya makandarasi. Ugumu ulikuja upande wa pili: wakazi walimaliza sehemu yao, na serikali ikachelewa mno na yake, hata majitaka ya vichochoro vingi yakaishia kwenye mifereji ya asili. Anayetaka kuiga Orangi aanze na hilo, maana kumchangisha mwananchi kabla bomba kuu halijafika ni kuuhamisha uchafu kwa fedha yake.

Wala tusidanganyane kwamba bomba ni jibu la kila mahali. Mabomba ya majitaka yanahitaji maji ya kusukuma. Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kutangaza mgao, kaya zilizokaa siku nyingi bila maji zilijua maana ya choo cha kuvuta kisichovutika. Nyumba iliyo chini kuliko bomba inahitaji pampu, na pampu inahitaji umeme. Kwa Chanika, Mabwepande na pembezoni kwingine ambako jiji linakua kwa kasi, karo litabaki kwa miongo mingi. Ireland, nchi tajiri, bado ina makaro karibu nusu milioni vijijini. Ilishindwa kesi katika Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 2009 kwa kutoyasimamia, ikalazimika kuyasajili na kuyakagua, na leo humpa ruzuku ya hadi euro 12,000 mwenye karo lililoonekana bovu anayetimiza masharti. Huko wamekubali kwamba karo la mtu, likiwa linatishia maji ya wote, linaweza kutengenezwa kwa fedha ya wote. Sisi tumeanza na faini.

Ningependa tuanze kwingine. Ada ndogo ya majitaka iwekwe kwenye ankara ya kila mteja wa maji wa jiji, aliye kwenye bomba na asiyekuwa kwenye bomba, ipande kwa watumiaji wakubwa, na itunzwe kwenye akaunti yake isiyoguswa kwa kazi nyingine. Anayenunua maji kwa ndoo hana ankara na hatatozwa, na ni sawa. Fedha hiyo ifanye mambo mawili: ikopeshe nyumba gharama ya kuunganishwa, na ipunguze bei ya kunyonya kwa wale ambao gari haliwafikii. Vikundi vya vijana vinavyofanya kazi ya vyura vinastahili kuwa wa kwanza kwenye mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, wapate pampu, guta, glovu na chanjo, na waitwe watoa huduma badala ya kufukuzwa.

Na ada ya kumwaga mabwawani iondolewe. Leo dereva anayekwenda hadi Vingunguti analipa ili atende haki, na anayefungua mkondo kwenye Mto Msimbazi saa nane usiku halipi kitu. Igeuzwe: kila lori au guta linalofika langoni na tope la kweli lilipwe kwa ujazo wake, na bei kwa mteja ipangwe kwa kuyahesabu malipo hayo. Watakuwepo watakaojaza maji ya kisima na kudai tope. Kwa hao, chota ndoo moja kabla ya bomba kufunguliwa, na mpe mlinzi wa lango mshahara unaomtosha asihongeke.